Panda Treni, Hata Ukiwa Peke Yako

Tulikuwa wanne katika mpango ule. Tulikaa jioni moja, tukahesabu fedha, tukachagua Jumamosi ya mwezi wa saba, tukakubaliana njia nchini Ubelgiji: asubuhi Ghent, mchana Bruges, jioni Antwerp, usiku turudi Brussels. Siku tatu kabla ya safari, wa kwanza akapata udhuru wa kazi. Wa pili akasema mfuko umetoboka. Wa tatu akatuma ujumbe saa nne usiku wa kuamkia siku yenyewe: "Jamani, tusogeze mbele kidogo." Nikabaki mimi na mkoba wangu uliokwisha kufungwa.

Ndugu msomaji, maneno hayo unayajua. Husemwa kwa upole, nayo yameua safari nyingi kuliko ukosefu wa nauli. Safari ya leo husogezwa hadi likizo, ya likizo husogezwa hadi mwakani, na mwakani watoto wanaanza shule. Usiku ule niliketi kitandani nikajiuliza: ninasubiri nini hasa? Nauli ninayo. Miguu ninayo. Treni zipo. Nikaona kwamba nilichokuwa nasubiri ni mtu wa kunishika mkono. Nikatega kengele ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikalala.

Leo nakusimulia siku ile kwa sababu nina ombi moja tu kwako. Kama kuna safari uliyoiweka kiporo kwa kumngoja mwenzako, usiingoje tena. Nenda.

Hofu ya kwanza: nitapotea

Saa moja kasoro asubuhi nilikuwa nimesimama chini ya ubao wa treni katika stesheni ya Brussels Central, na hofu imeshanitangulia. Natafuta neno Ghent kwenye ubao, silioni.

Ubelgiji ni nchi ndogo, kilomita za mraba 30,500 hivi, lakini ina lugha rasmi tatu: Kiholanzi upande wa kaskazini, Kifaransa upande wa kusini, na Kijerumani katika kipande cha mashariki. Kwa hiyo mji mmoja huweza kuwa na majina mawili. Ghent ni Gent kwa Kiholanzi na Gand kwa Kifaransa. Antwerp ni Antwerpen, tena ni Anvers. Mons huitwa Bergen, na Liège huitwa Luik. Brussels hutumia Kiholanzi na Kifaransa, lakini treni ikishaingia Flanders, upande ule wa kaskazini, mabango na matangazo hubaki kwa Kiholanzi. Juu ya hayo, ubao huandika kwa herufi kubwa mwisho wa njia. Treni niliyoitaka ilikuwa mbele ya macho yangu muda wote, imeandikwa Oostende, mji wa pwani ambako reli hukomea baharini.

Nikamwuliza mama mmoja mzee aliyekuwa na kikapu. Alininyooshea kidole kuelekea jukwaa la treni, kisha akanihesabia kwa vidole: kwanza inasimama Brussels Midi, inayofuata ni Gent-Sint-Pieters, hapo shuka. Akanionya kwamba Ghent ina stesheni nyingine iitwayo Dampoort, nisije nikazichanganya. Dakika moja ya kuuliza ikaimaliza hofu iliyoninyima usingizi. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, na methali hiyo utaionja vizuri zaidi stesheni kuliko darasani.

Jambo jingine nililotafakari nikiwa nimekaa dirishani ni umri wa reli hii. Tarehe 5 Mei 1835, treni za kwanza za abiria za nchi hii ziliondoka Brussels kwenda Mechelen, zikivutwa na injini za mvuke kutoka Uingereza. Moja iliitwa L'Éléphant, yaani Tembo. Ubelgiji yenyewe ilikuwa na umri wa miaka mitano tu, tangu ijitenge na Uholanzi mwaka 1830. Taifa lililokuwa bado linatambaa halikungoja likue ndipo litandike reli. Matunda yake unayala wewe leo. Kutoka Brussels hadi Ghent ni nusu saa na ushee. Kutoka Ghent hadi Bruges haifiki nusu saa. Treni za ndani hazina viti vya kuandikisha mapema, na tiketi yako inakubalika kwenye treni yoyote ya njia hiyo kwa siku uliyoikatia. Ukiikosa moja, nyingine haiko mbali. Kupotea katika nchi kama hii ni kuchelewa kidogo tu. Uiache safari kwa kuogopa kuchelewa kidogo?

Hofu ya pili: nitakuwa mpweke

Ghent niliingia kwa tramu, nikashuka karibu na daraja la Mtakatifu Mikaeli. Ukisimama juu ya daraja hilo, minara mitatu inajipanga mbele yako kama mashahidi: kanisa la Mtakatifu Nikolao, mnara wa kengele wa mji wenye urefu wa mita 91 na joka la shaba kileleni, na nyuma yao kanisa kuu la Mtakatifu Bavo. Chini yako mto Leie unapita polepole katikati ya nyumba za mawe ambazo wafanyabiashara wa nafaka walizijenga karne nyingi zilizopita. Nikageuka kumwambia mtu, "Umeona?" Hapakuwa na mtu. Sitakuficha: hapo upweke ulinigusa.

Nikaenda nao hivyohivyo hadi kanisa kuu, kwa sababu ndani yake kuna kitu nilichotamani kukiona tangu nilipokisoma kwa mara ya kwanza. Ni mchoro wa altare wa Mwanakondoo, kazi ya ndugu wawili, Hubert na Jan van Eyck, iliyokamilika mwaka 1432. Umechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya mbao zinazofunguka na kufungika kama madirisha. Majani ya mimea yamechorwa moja moja, vito kwenye mavazi vinameta kama vina taa ndani, na nywele za malaika wanaoimba unaweza kuzihesabu.

Mchoro huo umesafiri kuliko wewe na mimi, na safari zake nyingi zilikuwa za kuporwa. Wanajeshi wa Ufaransa walichukua mbao za katikati mwaka 1794, zikapelekwa Paris. Baadaye mbao za pembeni ziliuzwa, zikafika Berlin, zikarudi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1934 ubao mmoja uliibwa usiku, na hadi leo haujapatikana. Ubao unaouona mahali pake ni nakala. Wanazi nao wakauchukua mchoro wote, na mwaka 1945 ukakutwa umefichwa katika mgodi wa chumvi wa Altaussee, Austria. Pamoja na yote hayo, Mwanakondoo yuko nyumbani, anakutazama.

Nilisimama mbele yake hadi miguu ikachoka. Hakuna aliyenivuta mkono kuniambia twende tukale. Hakuna aliyenitaka nimpige picha. Nikatambua kwamba ule upweke wa darajani ulikuwa umegeuka kitu kingine bila mimi kujua: ulikuwa umegeuka utulivu. Ukitembea na wenzako, nusu ya macho yako iko kwao. Ukitembea mwenyewe, macho yote ni yako.

Ghent ikanipa na funzo jingine. Mwaka 1500 alizaliwa mjini humo mtoto aliyekuja kuwa Mfalme Mkuu Charles wa Tano, mtawala wa sehemu kubwa ya Ulaya. Mwaka 1539 watu wa mji wake wa kuzaliwa walikataa kumlipa kodi ya vita. Mwaka uliofuata alikuja na jeshi, akawalazimisha wakuu wa mji watembee hadharani kwa aibu, wengine miguu mitupu, shingoni wamevaa kitanzi. Alidhani amewazika. Leo watu wa Ghent hujiita wenyewe "wabeba kitanzi", na katika sherehe za mji za mwezi wa saba wapo wanaoandamana wamevaa kitanzi hicho shingoni kwa fahari.

Fikiria hilo. Watu wangapi wamekuambia "peke yako?" kwa sauti ya kukuhurumia, kana kwamba kwenda mwenyewe ni doa? Fanya kama watu wa Ghent. Livae neno hilo shingoni, utembee nalo kichwa juu.

Kisingizio cha tatu: siku moja haitoshi

Hiki si hofu, ni kisingizio, na ndicho kinachojificha vizuri kuliko vyote. "Nitakwenda nikipata wiki mbili." Nilikibeba hadi Bruges ili nikakitue huko.

Bruges uliwahi kuwa miongoni mwa miji tajiri kabisa ya Ulaya kaskazini. Sufu ya Uingereza ilishuka hapo, vitambaa vya Flanders vikapakiwa hapo, na mabenki ya Italia yakaweka mawakala wake hapo. Palikuwa na nyumba ya wageni ya familia ya Van der Beurze ambako wafanyabiashara walikutana kupatana bei. Jina la familia hiyo ndilo linalotajwa kuwa chanzo cha neno ambalo Wafaransa, Wajerumani na Waholanzi hulitumia hadi leo kwa soko la hisa. Kisha mkono wa bahari uitwao Zwin, uliokuwa ukileta meli, ukajaa mchanga. Meli zikahamia Antwerp. Mji ukalala karne kadhaa, umaskini ukaingia, na kwa kuwa hapakuwa na fedha ya kubomoa na kujenga upya, nyumba za zamani zikabaki. Mwaka 2000 UNESCO iliutangaza mji mkongwe wa Bruges kuwa urithi wa dunia. Mji uliodhaniwa umepitwa na wakati ndio ambao watu husafiri kutoka mbali kuuona. Usiseme umechelewa.

Nilikuwa na saa nne tu. Nikachagua vitu vitatu, vingine nikaviacha bila majuto.

Cha kwanza, Begijnhof, umbali mfupi kutoka stesheni. Ni ua tulivu wenye nyumba nyeupe zilizozunguka majani na miti mirefu, ulioanzishwa mwaka 1245. Waliokaa humo waliitwa mabegini, wanawake waliochagua maisha ya sala na kazi bila kuolewa na bila kuweka nadhiri za kudumu za utawa. Waliweza kumiliki mali yao, walijipatia riziki kwa mikono yao, na aliyetaka kuondoka aliondoka. Dada unayesoma makala hii na ambaye umeambiwa mwanamke hatembei mwenyewe, kumbuka ua huo. Karibu miaka 800 iliyopita wapo wanawake waliosimama wenyewe, na mlango wao ungali wazi.

Cha pili, Kanisa la Mama Yetu, lenye sanamu ya marumaru ya Bikira na Mtoto iliyochongwa na Michelangelo. Wafanyabiashara wa Bruges waliinunua na kuileta huku mchongaji mwenyewe akiwa bado hai. Nayo iliporwa mara mbili, mwaka 1794 na mwaka 1944, na mara zote mbili ikarudi.

Cha tatu, mnara wa kengele ulio uwanja wa soko: mita 83, ngazi 366. Ngazi zinajizungusha kama konokono, na kadiri unavyopanda ndivyo zinavyokubana. Anayepanda hulazimika kujibandika ukutani ili anayeshuka apite. Pale ndani hakuna mgeni wala mwenyeji. Kijana mmoja aliniambia kwa ishara ya mkono kwamba zimebaki kidogo. Mimi nikamshikia mkoba bibi aliyekuwa anahema. Hatukujuana majina, tukapeana njia. Juu, kengele 47 zikapiga, mbao zikatetemeka chini ya miguu yangu, na Flanders yote tambarare ikalala mbele yangu hadi upeo wa macho.

Saa nne zilitosha. Zilitosha kwa sababu nilizitumia. Anayesubiri wiki mbili huenda asipate hata saa nne.

Hofu ya nne: pale si pangu

Hii ndiyo hofu ambayo wengi wetu hatuisemi. Kwamba utalii ni wa watu wengine. Kwamba mtu wa kwetu katika miji hiyo ni mwanafunzi, ni mfanyakazi, ni mtu wa kuonyesha karatasi, lakini si mtu wa kusimama katikati ya uwanja akatazama minara kwa raha zake.

Jibu la hofu hii nililipata jioni, treni ilipoingia Antwerpen-Centraal. Stesheni hiyo ilifunguliwa mwaka 1905 na wenyeji huiita kanisa kuu la reli. Mchora ramani wake, Louis Delacenserie, alikuwa mtoto wa Bruges. Kuba lake limepanda mita 75 hivi, ngazi zake ni za marumaru, saa yake imepakwa dhahabu. Nilisimama chini ya kuba hilo, na pamoja na uzuri wake nikajiuliza swali: miaka ile stesheni hii ilipokuwa ikijengwa, bandari ya mji huu ilikuwa ikipokea nini?

Ilikuwa ikipokea mpira na pembe za ndovu kutoka Kongo, ambayo tangu 1885 hadi 1908 ilikuwa milki binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili. Hapohapo bandarini, karani mmoja wa kampuni ya meli, Edmund Morel, alisoma vitabu vya hesabu akaona jambo la kutisha: meli zinakuja zimejaa mali, zinarudi zimebeba bunduki na risasi. Bidhaa za kulipia mali hiyo hazionekani. Akatambua kwamba watu wa Kongo hawalipwi, wanalazimishwa. Akaacha kazi, akapaza sauti hadi dunia ikasikia.

Nilitembea hadi uwanja wa ukumbi wa mji. Kuna chemchemi ya mwaka 1887 yenye sanamu ya shujaa Brabo akiurusha mkono wa jitu aliyemshinda. Hadithi hiyo ya Antwerp ni ya kale kuliko ukoloni, na biskuti za umbo la mkono huuzwa mjini kama kumbukumbu yake. Lakini mtu anayejua habari za Kongo ya Leopold, ambako askari walikata mikono ya watu ili kuthibitisha matumizi ya risasi, hawezi kuutazama mkono ule akapita tu. Nilisimama pale kimya, kwa ajili ya wale ambao hawakuchongewa sanamu.

Ndugu yangu, ndiyo maana nasema nenda. Sehemu ya utajiri wa nchi ile ilitoka katika misitu ya jirani zetu, katika nchi ambayo mamilioni ya watu wake wanaongea Kiswahili hiki unachokisoma. Rwanda na Burundi nazo zilitawaliwa na Ubelgiji hadi 1962. Huendi kama mtu aliyejipenyeza harusini bila kadi. Unakwenda kama mtu mwenye haki ya kutazama, kufurahi na kuuliza. Mji ukiwa mzuri, useme ni mzuri. Ukiwa na deni, ulitaje deni lake. Macho ya namna hiyo wenyeji hawawezi kukuazima. Ni lazima uyalete wewe.

Mama wa Matonge

Brussels nilirudi usiku, nikapitia Matonge, mtaa uliochukua jina la mtaa wa Kinshasa. Mlangoni mwake pana uwanja uliopewa jina la Patrice Lumumba wa Kongo tarehe 30 Juni 2018. Nikaingia katika mgahawa mdogo, nikaagiza samaki na sombe, ambayo sisi huiita kisamvu. Mama aliyenihudumia alikuwa mtu wa Bukavu. Alipousikia Kiswahili changu alivuta kiti akaketi. Nikamsimulia siku yangu.

"Peke yako, mutoto yangu? Haukuogopa?"

"Niliogopa, mama. Nikaenda hivyohivyo."

Akanyamaza kidogo. "Niko na miaka kumi na moja hapa," akasema. "Bruges sijaifika bado. Ninangojaka mutu wa kunipeleka."

Miaka kumi na moja, kwa safari ya saa moja ya treni. Nikachukua karatasi, nikamwandikia: treni ya Oostende, Midi, Gent-Sint-Pieters, Brugge, shuka. Akaikunja, akaitia katika pochi yake.

Wewe nawe chukua karatasi. Andika siku. Andika miji miwili au mitatu, na kila mji kwa majina yake yote. Chagua vitu vitatu vya kuona, usizidishe. Mwambie mtu mmoja nyumbani unakokwenda na saa utakayorudi. Beba hati yako, maji, koti la mvua, na viatu vinavyoweza barabara za mawe. Kama Ubelgiji iko mbali nawe leo, reli ya kwenu haiko mbali: ipo ya Nairobi hadi Mombasa, ipo ya Dar es Salaam hadi Dodoma, na mwisho wa kila reli kuna mji ambao hujawahi kuutazama vizuri. Mkaa bure si sawa na mtembea bure.

Wenzako wakija, heri. Wasipokuja, Jumamosi itafika vilevile na treni itaondoka kwa saa yake. Kata tiketi.